Ruzuku za protini mbadala zifike mpaka kwenye chakula cha kuku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Wizara ya Mifugo na Uvuvi, na watafiti wa vyuo vyetu, kuhusu ruzuku za utafiti wa protini mbadala, yaani vyanzo vingine vya protini badala ya tulivyozoea kama samaki na nyama. Ninaendesha mashine ya kuchanganya chakula cha kuku hapa Buhongwa, jijini Mwanza, na nyuma ya nyumba ninafuga kuku wa mayai. Wateja wangu ni wafugaji wa kuku mia au mia mbili. Wengi ni kina mama, na wapo wastaafu walioweka kiinua mgongo chao chote kwenye banda.

Ninachoomba ni hiki. Fedha hizo, ziwe za serikali au za wafadhili, zisitolewe kwa mtafiti peke yake wala kwa kampuni peke yake. Zitolewe kwa andiko la mradi lililosainiwa na watu watatu: mtafiti, fundi mitambo, na mchanganyaji wa chakula ambaye ndiye atakayetumia kitakachopatikana. Nitaeleza kwa nini.

Chakula cha kuku wa mayai kinatakiwa kiwe na protini ya asilimia 16 hadi 18, na cha vifaranga kizidi hapo. Pumba za mahindi peke yake hazikufikishi. Ndipo unapoingia kwenye mashudu, yaani mabaki ya mbegu zilizokamuliwa mafuta. Ya alizeti yana makapi mengi, hasa yanapotoka kwenye mashine ndogo zinazokamua mbegu na maganda yake. Ya pamba hayakosekani huku Kanda ya Ziwa, lakini yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu ya pamba. Ukiyazidisha, mayai yakikaa kiini hugeuka rangi ya kijani, na mteja akishapasua yai la namna hiyo harudi. Soya ni nzuri, ila bei yake anaijua anayeinunua. Kinachobaki ni dagaa.

Na dagaa wa Ziwa Victoria wana ratiba yao. Wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika, na bei pale Mwaloni Kirumba inapanda. Mvua zikianza hawakauki vizuri, wanavunda. Waliokaushwa chini badala ya kwenye chanja wanakuja na mchanga. Unapima gunia, unalipa, ukichekecha unakuta kilo kadhaa ni mchanga mtupu, na ule usioonekana unaingia kwenye mashine na kula nyundo zake. Siwalaumu wavuvi wala akina mama wanaoanika. Chanja ni gharama, na anayenunua kwa ajili ya kuku halipi zaidi kwa dagaa safi.

Linaloniuma zaidi ni kwamba dagaa ni chakula cha watu. Magari yanapakia Kirumba kwenda Congo, Rwanda na Burundi, na vijijini kwetu ndiyo mboga ya mwenye kipato kidogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Samaki mdogo anayeliwa mzima, kichwa na mifupa yake, anampa mtoto protini, kalsiamu na madini ya chuma kwa mara moja, na kwa bei ambayo nyama haiwezi kuifikia. Kila gunia ninalosaga kwa ajili ya kuku lingeweza kufika kwenye sahani ya mtoto. Nalijua hilo kila ninapowasha mashine, na nataka nipate kitu kingine cha kutia mle.

Kitu hicho kipo. Ni funza wa nzi chuma, yule nzi mweusi mwembamba anayefanana na nyigu. Nzi mwenyewe akishakua hali chakula. Anakunywa maji, anapandana, anataga mayai mia kadhaa, anakufa. Hatui jikoni kutafuta mboga kama nzi wa kawaida. Anayekula ni funza, naye anakula karibu kila kinachooza: maganda ya maembe na ndizi kutoka sokoni, matumbo ya samaki, machicha ya bia. Kama wiki mbili baada ya kuanguliwa yuko tayari kuvunwa. Akikauka, protini yake iko kati ya asilimia 35 na 45, na kinachobaki kwenye beseni ni mbolea nzuri ya bustani.

Si jambo geni hata kidogo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa ripoti kubwa ya wadudu wanaoliwa mwaka 2013, likakadiria kuwa watu bilioni 2 duniani wanakula wadudu kama sehemu ya chakula chao. Jirani zetu wa Bukoba hawakuhitaji ripoti kuambiwa thamani ya senene.

Nairobi, taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe ilipata fedha kutoka Kanada na Australia, ikafanya kazi na vyuo na watengenezaji wa vyakula vya mifugo Kenya na Uganda. Walijaribu kuondoa unga wa samaki kwenye chakula cha kuku na kuweka unga wa funza kwa viwango mbalimbali, hadi kuuondoa wote, na wakaona unafaa. Kazi haikuishia kwenye majarida. Mwaka 2017 Kenya ikawa na kiwango rasmi cha wadudu waliokaushwa kwa ajili ya chakula cha mifugo. Pale Bondo, Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kikapata fedha za Benki ya Dunia na kuanzisha kituo cha kufundisha na kutafiti matumizi ya wadudu kama chakula na lishe ya mifugo. Bondo iko kwenye ziwa hili hili tunaloliangalia sisi kutoka upande wa kusini. Hali ya hewa ni ile ile, dagaa ni wale wale.

Sasa nieleze kwa nini, pamoja na yote hayo, mashine yangu bado inasaga dagaa.

Miaka kadhaa iliyopita ulikuja mradi mmoja huku kwetu, sitautaja jina. Tulikusanywa ukumbini, tukafundishwa kufuga funza, tukapewa mabeseni, chandarua cha nzi na vipande vya mbao vya kutagia, tukapigwa picha. Walichofundisha kilikuwa sahihi, na vijana waliotufundisha walikuwa na moyo. Funza walipatikana. Wengi wetu tulivuna, tukaanika juani, tukafurahi. Tatizo lilianza tulipotaka kuwasaga.

Funza aliyekauka ana mafuta mengi, karibu theluthi ya uzito wake. Ukimtia kwenye mashine ya nyundo, ile tunayosagia pumba na dagaa, hatoki unga. Anatoka uji mzito wa kahawia unaoziba matundu ya chekeche. Mashine inaanza kunguruma, mkanda unanuka moto, unazima, unafungua, unakwangua chekeche kwa kisu, unawasha tena. Ukichanganya na pumba nyingi unapunguza shida, lakini hapo hujui tena kilo ngapi za funza zimeingia kwenye gunia gani. Na unga huo ukikaa stoo wiki chache katika joto la Mwanza unachacha, unatoa harufu, kuku wanaususia. Nilimuuliza mmoja wa watu wa mradi, akasema hilo halikuwamo kwenye malengo yao. Alikuwa mkweli. Andiko lilishapitishwa, bajeti ilishagawanywa, na mashine ya kusaga haikuwa na mstari wake. Mradi ulipofika mwisho walifunga ofisi. Sampuli zetu zilizopelekwa maabara hatukuletewa majibu yake mpaka leo.

Kama andiko lile lingesomwa na mchanganyaji mmoja tu kabla halijapelekwa kwa mfadhili, angeuliza siku ya kwanza: mafuta mtayatoa vipi? Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye mashine angeuliza hivyo. Na jibu huenda haliko mbali. Singida na Dodoma zimejaa mashine ndogo za kukamua alizeti. Fundi wa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) akikaa na mtaalamu wa lishe ya wanyama kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine, wakapewa fedha za kujaribu mashine hiyo kwa funza, kwa joto gani, baada ya kukaushwa kiasi gani, tungepata vitu viwili kwa kazi moja: mashudu ya funza yanayosagika na yasiyochacha upesi, na mafuta yanayoweza kutumika kwenye chakula cha mifugo. Hiyo ndiyo kazi ya ruzuku. Hakuna benki itakayonikopesha mimi fedha za kujaribu jambo ambalo huenda likashindikana, na haipaswi. Lakini taifa linaweza kubeba hasara ya jaribio, kwa sababu likifanikiwa faida ni ya kila mwenye mashine kutoka Geita hadi Mtwara.

Lipo na suala la vipimo, ambalo watafiti wanalijua vizuri kuliko mimi ila sijawasikia wakitueleza sisi tunaochanganya. Maabara hazipimi protini yenyewe. Zinapima naitrojeni, kisha zinazidisha kwa 6.25. Ngozi ya funza ina kitini, ile dutu ngumu ya gamba la mdudu, na kitini kina naitrojeni ambayo si protini ya kumlisha kuku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, walionyesha mwaka 2017 kwamba kwa funza mzima kizidisho kinachokaribia ukweli ni 4.76. Piga hesabu: karatasi inayosema asilimia 40 inashuka mpaka asilimia 30 hivi. Ukichanganya kwa kufuata ile 40, kuku wako watapunguza kutaga na hutajua kwa nini. Mteja atasema chakula changu ni kibovu, atahamia kwa mwingine, na habari itaenea mtaani kuwa funza hawafai. Jambo zuri litauawa na namba. Nataka mtafiti aliyepewa fedha za umma alazimike kukaa na mimi tukubaliane namba gani niandike kwenye daftari, na Shirika la Viwango (TBS) liwe mezani tangu mwanzo wa mradi, lisubiri matokeo likijua yanakuja.

Wenzetu walioendelea wamelielewa hili la kufungamanisha watu. Kanada wana taasisi inayoitwa Protein Industries Canada, iliyoanza mwaka 2018, inayoshughulika na protini za mimea kama njegere na kanola. Fedha ya serikali haitoki mpaka kampuni zijiunge pamoja na kuweka fungu lao wenyewe. Uingereza mwaka 2024 walitangaza kituo cha kitaifa cha ubunifu wa protini mbadala, kinachoongozwa na Chuo Kikuu cha Leeds. Serikali imeweka pauni milioni 15, na washirika wakaahidi nyingine milioni 23. Huko wanatafuta cha kuweka badala ya nyama, maana wanakula nyama nyingi kuliko inavyowafaa. Sisi hatuna tatizo hilo. Kwetu nyama na mayai bado ni machache, na kinachoyafanya yawe machache ni bei ya chakula cha mnyama. Kwa hiyo tukichukua utaratibu wao tusichukue na orodha yao ya mahitaji.

Na fedha nyingi peke yake si dawa. Ufaransa kulikuwa na kampuni ya wadudu iitwayo Ÿnsect iliyokusanya mamia ya mamilioni ya dola, ikajenga kiwanda kirefu kwenda juu karibu na Amiens, na mwaka 2024 ikalazimika kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wanaoidai. Kufuga wadudu kwenye nchi ya baridi, ndani ya jengo la mitambo mitupu, kunahitaji joto la kununua. Nzi chuma anapenda joto la nyuzi 27 hadi 30, na sisi joto hilo tunapewa na Mungu bure karibu mwaka mzima. Hiyo ni nafasi yetu. Haihitaji kiwanda cha ghorofa. Inahitaji majibu ya maswali madogo madogo ya kukausha, kukamua, kusaga na kupima, na kila swali moja lina gharama ambayo mfuko wa nchi hii unaimudu.

Mfuko upo. COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, inasimamia Mfuko wa Taifa wa Uendelezaji wa Sayansi na Teknolojia, MTUSATE. Ninaomba mfuko huo ufungue dirisha maalumu la protini za chakula cha mifugo na samaki, na masharti yake yaandikwe upya kwa kumfikiria mtu kama mimi. Nimewahi kusoma tangazo la ruzuku la shirika moja. Walitaka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, na andiko zima liwe kwa Kiingereza cha kitaalamu. Mwenye mashine moja ya kuchanganya hana mkaguzi wa hesabu. Ana daftari, ana risiti za EFD, ana wateja wanaomjua kwa miaka. Masharti hayo ni halali kwa anayeshika fedha, na katika watu watatu ninaowasema chuo kinaweza kuzishika. Mimi niingie na mchango wangu wa vitu: mashine, banda, kuku, umeme, na kumbukumbu za mayai za kila asubuhi. Uthaminiwe, uandikwe kuwa ni fungu langu, kama kampuni za Kanada zinavyoandikiwa lao.

Kumbukumbu za mayai nazitaja makusudi. Jaribio la kuku kwenye kituo cha utafiti hufanywa kwa vifaranga wa aina moja, chakula kilichopimwa kwa gramu, banda safi. Ni lazima lianzie pale. Lakini baada ya hapo liletwe Buhongwa, ambako pumba za gunia hili si sawa na za gunia lile, ambako umeme unakatika, ambako mfugaji akiishiwa fedha anaongeza pumba ili chakula kifike mwisho wa mwezi. Chakula kikifanya kazi hapo, kimefanya kazi. Ruzuku ilipie hatua zote mbili, na malipo ya mwisho yasitolewe mpaka majibu yarudishwe kwa Kiswahili kwa waliotoa kuku wao.

Wapo watakaosema funza ni uchafu na hawataki mayai yake. Nawaheshimu, lakini kuku wa kienyeji anayesifiwa kila siku anaparua jalala na kula funza tangu enzi za babu zetu. Hofu iliyo na msingi ni nyingine: funza hukusanya mwilini baadhi ya madini mazito kutoka kwenye taka anazolishwa. Taka za sokoni zina tofauti kubwa na taka za gereji. Hilo lipimwe kwa fedha hizi hizi, na kanuni ziseme wazi funza wa kuku alishwe nini na asilishwe nini. Umoja wa Ulaya ulipoanza kuruhusu mwaka 2021 protini ya wadudu kwenye chakula cha kuku na nguruwe uliweka masharti ya aina hiyo hiyo.

Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Lilikuwa jambo jema. Kenya nao hupumzisha uvuvi wa dagaa wao, wanaowaita omena, kuanzia Aprili hadi Julai. Sisi wa Mwanza tujiandae, kwa sababu ziwa letu nalo linachoka, na siku dagaa wakipungua zaidi ya hapa hatutaki kuanza siku hiyo kutafuta fundi wa kukamua funza.

Kutoka kwangu mpaka kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI) Nyegezi ni safari fupi ya daladala. Ukiriguru kuna watafiti wa kilimo. Mjini kuna SIDO. Watu watatu ninaowasema tunaweza kukutana asubuhi na kila mmoja akarudi kazini kwake kabla ya saa sita. Kinachokosekana ni tangazo la ruzuku linalotulazimisha kukutana.

Bunge la bajeti huanza Aprili pale Dodoma. Nawaomba wabunge wa Kanda ya Ziwa wamuulize waziri mwenye dhamana ya sayansi: tangu MTUSATE uanze, ni ruzuku ngapi zimekwenda kwenye chakula cha mifugo, na katika hizo, ni ngapi zilikuwa na mchanganyaji wa chakula miongoni mwa waliosaini?

Mchanganyaji wa chakula cha kuku,
Buhongwa, Mwanza.